Kazi Ndefu na Adabu ya Kukatizwa

Katika ufundi wote ambao wanadamu wameubuni, upo ambao fundi wake husifiwa kwa kile akitengenezacho, na upo mwingine, adimu zaidi na wenye shukrani chache, ambao fundi wake hustahili sifa kwa namna anavyokubali kuachishwa kazi yake kabla haijaisha, akaiacha pahali pasipo aibu wala hasara. Huo wa pili ndio niukusudiao katika insha hii: ufundi wa wale waandikao mizunguko mirefu ndani ya kerneli, yaani kile kiini cha mfumo wa kompyuta kikaacho baina ya programu na mashine yenyewe, kikigawa zamu, kumbukumbu na njia za kuyafikia mafaili. Mzunguko ni amri zilezile zinazorudiwa mara nyingi mpaka kazi itimie. Na mzunguko mrefu wa kerneli ni kazi ifanywayo na mwenye mamlaka yote, katika wakati ambao wengine wote wanamngoja.

Msomaji ana haki ya kuuliza mambo hayo yaihusu nini Kamalondo, mtaa mkongwe wa Lubumbashi uliobeba jina la Albert katika zama za Wabelgiji, na ambao leo wafahamika Afrika nzima kwa uwanja wa TP Mazembe kuliko kwa elimu ya kompyuta. Jawabu ni kwamba hapana pembe ya mtaa huo ambamo kerneli haimo. Vijana waketio katika vibanda vya kupokea na kutoa fedha kwa simu, za M-Pesa, za Airtel Money na za Orange Money. Mafundi wa simu ambao meza zao zimejaa vioo vilivyopasuka na betri zilizovimba. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wasomao katika skrini isiyozidi upana wa kiganja: wote hao, washikapo simu ya Android, wameshika mashine iendeshwayo na Linux, kerneli aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, na ambayo tangu hapo imeandikwa na maelfu ya mikono katika nchi nyingi. Simu ikiitika mara tu kidole kiigusapo, ilhali ndani yake kazi nyingi zinaendelea, mwenyewe hamshukuru mtu. Na ikiganda, humlaumu mwenye duka aliyemuuzia. Yamkini shukrani zile na lawama hizi zilimstahiki mtu mwingine kabisa, aliyekaa mbali akaandika mistari kumi ya mzunguko mmoja.

Programu ya kawaida, hata iwe na ghururi namna gani, haiwezi kuihodhi mashine. Saa ya ndani huikatiza prosesa mara 100, mara 250 au mara 1000 kwa kila sekunde, kadiri kerneli ilivyopangwa, na kila ikatizapo, kerneli hupata fursa ya kuuliza kama zamu ya programu ile imekwisha. Ikiwa imekwisha, huiondoa na kumpa mwingine nafasi, wala haiombi radhi. Hiyo ndiyo maana ya kupokonywa zamu. Lakini je, mwenye kuwapokonya wengine naye apokonywe na nani? Katika miaka ya mwanzo ya Linux swali hilo halikuwa na jibu la kuridhisha. Programu ilipoiomba kerneli huduma, kerneli ikaingia kazini kwa niaba yake, haikutolewa kazini mpaka imalize au iridhie yenyewe kulala. Kwa huduma fupi haikudhuru; bali palipokuwa na kumbukumbu kubwa ya kufutwa, au orodha ndefu ya kupitiwa, au data nyingi za kunakiliwa, mzunguko uliendelea kujifanyia kazi yake kwa uaminifu mkubwa na kwa jeuri kubwa, huku muziki ukikatikakatika na mshale wa skrini ukisimama.

Mwandishi wa mzunguko kama huo anapaswa kusikia miito miwili, na mwanafunzi akiichanganya hataifahamu sanaa hii abadan. Mwito wa kwanza ni wa zamu: yupo mwingine anayestahili kuingia, kwa hiyo mpishe, kisha utarudi papo hapo ulipoachia. Mwito wa pili ni wa ishara: yule uliyekuwa ukimfanyia kazi ameitwa, pengine ameitwa ili afe, kwa hiyo acha, safisha, utoe hesabu ya ulichokifanya, uondoke. Wa kwanza hudai subira, wa pili hudai hatima. Katika mifumo ya ukoo wa Unix ishara zina nambari zake: ya 2 hutoka kwa mtu aliyebonyeza kibodi ili kusimamisha programu, ya 15 huitaka programu ijimalize kwa hiari, na ya 9 huiua, wala programu haina ruhusa ya kuizuia wala ya kujifanya haikuisikia.

Watu wengi hudhani ya kuwa ishara ya 9 hukata pale pale. Hasha. Inapotumwa, kinachotendeka ni kuwekwa alama katika kumbukumbu za mchakato unaohusika, yaani programu iliyomo kazini, kwamba kuna ishara inayongoja. Na mchakato hufa pale urudipo kutoka kerneli kwenda upande wake wenyewe, ambapo alama hutazamwa. Basi ikiwa umo ndani ya mzunguko wa kerneli ambao hautazami alama hiyo, kifo chenyewe hungoja mlangoni mpaka mzunguko umalize. Mtumiaji hutuma ishara mara ya pili na ya tatu, hubonyeza kwa hasira, na hakuna linalobadilika, kwa kuwa aliyetumiwa hajakataa: hajageuza macho kutazama, basi.

Hapo ndipo mambo ya mbali huingia katika mfuko wa mtu wa Kamalondo. Simu za bei nafuu zina kumbukumbu ndogo, na Android, inapoona kumbukumbu inakaribia kwisha, huchagua programu isiyohitajika sana wakati ule na kuipelekea ishara ya 9, ili nafasi iliyokuwa ikiikalia igawiwe ile ambayo mtu anaitazama. Lakini nafasi hairejei kwa kutumwa ishara. Hurejea marehemu anapoondoka. Ikiwa marehemu huyo amenaswa ndani ya mzunguko usiosikia, kumbukumbu imebaki mikononi mwake, na yule aliye hai, ambaye yamkini yuko katikati ya kumtumia nduguye fedha huko Likasi, hungoja nafasi ambayo imekwisha kutolewa idhini na bado haijaachiwa. Kukawia kwa mmoja kumekuwa dhiki ya jirani asiyemjua.

Nitatoa mfano mmoja wa kazi njema, kwa sababu sifa isiyo na mfano ni maneno matupu. Katika Linux lipo faili liitwalo /dev/zero, ambalo si faili la kweli, bali ni mlango: ukisoma humo, hupewa sifuri, nyingi kadiri uombavyo. Mtu akiomba baiti mia, ni jambo la kupepesa jicho. Akiomba bilioni moja kwa ombi moja, kerneli itakuwa na kazi ya kitambo. Aliyeandika mzunguko huo hakuzimimina sifuri zote kwa mkupuo, ingawa kufanya hivyo kungekuwa rahisi kuandika. Alizigawa katika vipande visivyozidi ukurasa mmoja wa kumbukumbu, ambao kwa kawaida ni baiti 4096, na kando yake akaacha maelezo mafupi kwamba kikomo hicho hakina sababu nyingine ila kupunguza kungojesha. Kila kipande kikwishapo, mzunguko hutazama mambo mawili. Kuna ishara inayongoja? Kama ipo, huacha na kurudisha hesabu ya baiti ambazo zimekwisha kutolewa. Kuna mwenye kuhitaji zamu? Kama yupo, humpisha, kisha huendelea. Sifuri ni kitu kisicho na thamani hata chembe, na bado mtu aliona ya kuwa namna ya kuzigawa inastahili taadhima yote hiyo.

Ugumu wa sanaa hii hauko katika kuuliza, bali katika kuchagua pahali pa kuulizia. Nchi hii ya Katanga, ambamo Lubumbashi imo, ililijua jambo hilo kabla hata ya kampuni ya madini ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906. Wayeyushaji wa kale, ambao Wabelgiji walizoea kuwaita walaji wa shaba, walichimba mawe ya kijani wakati wa kiangazi, wakayatia tanuruni pamoja na makaa, wakavukuta mpaka madini yakatiririka, wakayamimina katika kalibu za umbo la msalaba. Na misalaba hiyo ikawa fedha iliyosafiri masafa marefu. Kazi yao ilikuwa ndefu, ila urefu wake haukuwa wa namna moja. Aliyekusanya mawe aliweza kuitwa akaenda, akarudi akayakuta. Aliyevukuta aliweza kupokewa mivukuto na mwenzake bila moto kupungua. Lakini aliyekuwa akimimina hakuitwa, maana angaligeuza uso, shaba ingaligandia njiani, isiwe jiwe tena wala msalaba bado.

Kerneli nayo ina nyakati zake za kumimina. Inapobadilisha orodha ambayo prosesa nyingine pia zaweza kuigusa, hufunga kwanza kufuli, na kwa aina fulani ya kufuli, aliyelishika haruhusiwi kulala wala kupisha, kwa sababu waliobaki nje wanazunguka pale pale wakiungoja mlango, wala hawana kazi nyingine. Kupisha hapo si adabu. Ni kuwafungia wenzako nje na kwenda zako. Kwa hiyo, mwandishi stadi hugawa kazi ndefu iliyo chini ya kufuli katika sehemu fupi. Mwishoni mwa kila sehemu huhakikisha kwamba orodha imo katika hali nzima, hulifungua kufuli, humpisha mwenye haja, kisha hulifunga tena. Na hapo hukumbuka jambo ambalo wanafunzi wote husahau: kwamba ulimwengu aliouacha sio ule anaourudia. Kiungo alichokuwa amekishika huenda kimekwisha kufutwa, orodha huenda imerefuka au imekuwa tupu. Hivyo sharti akague upya kabla hajaweka mguu. Aliyempisha mwingine amempa pia idhini ya kuibadilisha nyumba.

Kisha kuna suala la hesabu. Mzunguko ulioachishwa katikati hauwezi kudai umemaliza, wala si insafu useme haukufanya kitu. Unix, ambayo Ken Thompson na Dennis Ritchie waliianza katika maabara ya Bell mwaka 1969, ilichagua njia iliyowachukiza wengi: huduma iliyokatizwa kabla ya kutoa chochote hurudi na kosa liitwalo EINTR, na aliyeomba ndiye atakayeamua kuomba tena; iliyokwisha kutoa kiasi hurudi na kiasi hicho. Richard Gabriel, katika insha yake mashuhuri iliyoenea mwaka 1991, amesimulia mabishano baina ya mtu wa MIT na mtu wa Unix juu ya jambo hili hili: wa kwanza alitaka mfumo ujirudishe nyuma na kuuficha mkatizo wote usionekane, wa pili aliridhika kumwambia mwenye programu ukweli na kumwachia mzigo wa kuuliza tena. Mimi sitaki kuhukumu baina yao, ila nitasema kwamba katika jibu la yule wa pili kuna unyofu nisioweza kuudharau. Kiasi pungufu kilichotajwa kwa usahihi ni amana. Utimilifu wa kujifanya ni hila, na hila ndani ya kerneli huishia kuwa data iliyopotea kwenye diski ya mtu.

Na kwa kuwa kila anayekatizwa humwachia mwenzake kazi, fundi mwema hupima pia ni wapi asikatizwe kabisa. Linux ilipoongeza mwaka 2014 huduma ya kutoa nambari za nasibu, ambazo ndizo msingi wa siri zote za mawasiliano, iliwekwa ahadi ya kwamba, hazina ya nasibu ikiwa tayari, ombi lisilozidi baiti 256 litatimizwa lote na ishara haitalikata. Sababu yake ni ya kibinadamu. Mtu anayetaka ufunguo mfupi wa siri aghalabu hatakumbuka kuhesabu kama ameupata wote, na nusu ya ufunguo ni hatari kuliko kukosa ufunguo. Kwa maombi makubwa, mzunguko wa huduma hiyo hutazama ishara kila baada ya ukurasa mmoja, na neno zito hapo ni baada. Ungalitazama kabla ya kuanza, mchakato unaopokea ishara mfululizo ungalirudi mikono mitupu kila mara, ukaomba na kukatizwa, ukaomba na kukatizwa, pasipo kupata hata baiti moja. Kwanza toa kitu, kisha usikilize: kanuni ndogo, lakini ndiyo itenganishayo usikivu na uvivu.

Ulikuwapo pia uziwi wa aina nyingine, wa wanaolala badala ya wanaozunguka. Mchakato ungojao faili kutoka kwa seva ya mbali ulizoea kulala usingizi usiokatizwa, na seva ikizimika ghafla, kama inavyotokea katika mji ambapo umeme wa shirika la SNEL una tabia zake, mchakato ulibaki hai kwa jina tu: haufanyi kazi, haufi, na mara nyingi hakuna dawa ila kuwasha mashine upya. Mwaka 2008, katika toleo la 2.6.25, iliingizwa kazi ya Matthew Wilcox iliyoleta hali nyingine, ya usingizi ambao ishara za kawaida hazikuuamsha, lakini ishara ya kuua iliuamsha. Hekima yake ni kwamba mwenye kufa hatasoma jibu. Kwa hiyo hapana haja ya kuogopa kumpa jibu pungufu. Mtu alikaa akafikiri ni nani atakayeumia kwa kukatizwa, akaona kwamba katika hali ile moja hapana wa kuumia, akafungua mlango huo mmoja tu.

Kwa wale wasiosikia miito yote miwili, Linux imeweka mlinzi. Kwa mpango wake wa kawaida, prosesa ikishikwa ndani ya kerneli kwa zaidi ya sekunde 20 bila kumpa mwingine nafasi, mlinzi huandika lawama katika kumbukumbu za mfumo, akitaja prosesa ipi na kazi ipi. Lakini sekunde 20 kwa mashine ni umri mzima, na anayengojea mlinzi amkumbushe adabu amekwisha kuikosa.

Hapa sharti nikabiliane na hoja iliyo nzito. Wako wasemao kwamba mizunguko kujikumbusha yenyewe ni mbinu ya kale, na kwamba mfumo uliopangwa vizuri haungemtegemea kila mwandishi awe muungwana. Historia iko upande wao kwa sehemu. Ingo Molnar na Andrew Morton walitafuta mizunguko iliyochelewesha na kuipachika sehemu za kupisha mmoja mmoja, mpaka wito wa cond_resched, ambao maana yake ni kupisha ikiwa kuna haja, ukatapakaa mamia kwa mamia ndani ya Linux. Robert Love naye alishika njia nyingine, na marekebisho yake, yaliyoingizwa mwaka 2002, yakaruhusu kerneli yenyewe ipokonywe zamu popote isiposhika kufuli. Mwaka 2024, baada ya takriban miaka ishirini ya jitihada za Molnar, Thomas Gleixner na wenzao, toleo la 6.12 likapokea ule mfumo wa wakati halisi ambao karibu kila kufuli ndani yake halizuii tena kupokonywa. Na toleo la 6.13 la mwaka 2025 likaleta njia ya kupokonya kwa upole, iliyokusudiwa kuziondoa pole pole zile sehemu za kupisha zilizopachikwa kwa mkono.

Nakubali, na wala sisikitiki. Kupokonywa zamu ni jambo ambalo mwingine aweza kukufanyia, kwa sababu ukirudishwa utarudishwa papo hapo, mkono ukiwa pale pale ulipokuwa, na kwako wewe ni kana kwamba hukuondoka. Bali ishara ni jambo lingine kabisa. Kuiacha kazi moja kwa moja kwadai kujua ni kufuli gani limefungwa, ni kumbukumbu gani imeazimwa, ni kiasi gani kimekwisha kutolewa na ni neno gani la kweli laweza kusemwa juu ya kilichobaki. Na maarifa hayo hayako katika saa ya prosesa wala kwa mgawa zamu, yako kwa yule aliyeiandika kazi. Hakuna mfumo, uwe mpya kiasi gani, utakaoweza kumwondoa mtu katikati ya kumimina akajua la kufanya na shaba iliyo hewani. Kwa hiyo, maendeleo haya yote hayakuufuta ufundi niusifuo, bali yameuondolea makapi: yamechukua mikononi mwa mwandishi sehemu iliyowezekana kufanywa na mashine, na yamemwachia ile iliyokuwa dhima yake tangu mwanzo.

Wanafunzi wa Lubumbashi wanaojifunza leo kuandika programu hufundishwa kwanza kwamba kazi yao lazima itimie, na ni sawa wafundishwe hivyo, maana kazi isiyotimia haifai. Lakini mwalimu asiishie hapo. Awape mzunguko wa kupitia rekodi milioni moja, kisha asiwaulize utachukua muda gani. Awaulize, ukikatwa kwenye rekodi ya laki tatu na moja, ni nini kitakuwa kweli, ni nini kitakuwa uongo, na nani atakayelipa. Atakayejibu swali hilo kabla ya kuandika mstari wa kwanza ataugawa mzunguko wake sawasawa bila kuambiwa, kwa kuwa atakuwa amekwisha kuwaona wale wanaomngoja nje. Na mashine itakayoendeshwa na kazi yake, iwe seva ya benki au simu ya mchuuzi wa Kamalondo, itaitika inapoitwa.